Msaada wa mageuzi: Nani mtenda, nani mtendwa?

Juzi nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, nikakutana na sentensi iliyonizuia kuendelea. Mwanafunzi, ambaye si mzembe hata kidogo, alikuwa ameandika hivi: "Demokrasia ya vyama vingi ililetwa nchini Kenya na wafadhili." Kisarufi, sentensi hiyo haina dosari. Upatanisho uko sawa, kauli ya kutendwa imetumiwa ipasavyo, na mtenda ametajwa mahali pake. Hata hivyo, kalamu yangu nyekundu ilisita. Sentensi yaweza kuwa sahihi mbele ya mwanasarufi na bado ikawa na walakini mbele ya historia.

Neno tulilolichagua Wakenya mwanzoni mwa miaka ya tisini kuelezea yaliyotukia ni 'mageuzi'. Neno hili limetokana na kitenzi 'geuza', wala si 'geuka'. Kutokana na 'geuka' tunapata 'mageuko', yaani kitu kubadilika chenyewe, kama majira yanavyobadilika. 'Geuza' ni kitenzi cha kusababisha. Maana yake haikamiliki mpaka pawe na anayegeuza na kinachogeuzwa. Kwa hivyo, kila tusemapo 'mageuzi' huwa tumeuliza swali, tupende tusipende: Nani amegeuza nini?

Swali hilo ndilo ningependa tulipeleke kwenye suala la misaada ambayo mataifa tajiri huyapa mataifa yaliyo katika kipindi cha mpito wa kisiasa. Hoja yangu ni moja tu. Msaada wa namna hiyo hufaa pale mpokeaji anapobaki kuwa kiima cha sentensi. Anapogeuzwa kuwa yambwa, yaani kitu cha kutendwa, faida yake huwa haba hata fedha ziwe nyingi namna gani.

Tuchukue mfano wa Marekani na Poland, kwa kuwa wengi huutaja kama ushahidi kwamba misaada huleta demokrasia. Poland ilitawaliwa na chama kimoja cha Kikomunisti kwa zaidi ya miaka 40 baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1980, wafanyakazi wa gati la kuundia meli mjini Gdańsk waligoma, na kutokana na migomo hiyo kikazaliwa chama cha wafanyakazi cha Solidarność, yaani Mshikamano, ambacho kilipata wanachama wapatao milioni 10. Desemba 1981 serikali ilitangaza sheria ya kijeshi, viongozi wakatiwa vizuizini na chama kikapigwa marufuku. Hakikufa. Kati ya Februari na Aprili 1989 watawala walilazimika kuketi nacho katika mazungumzo ya meza ya duara. Uchaguzi ulipofanyika Juni 4 mwaka huo, Solidarność hatimaye ilinyakua viti 99 kati ya 100 vya Seneti. Kabla ya Septemba kwisha, Tadeusz Mazowiecki alikuwa anaongoza serikali mpya akiwa Waziri Mkuu.

Sasa, msomaji, itazame tarehe hii: Novemba 28, 1989. Siku hiyo ndipo Rais George Bush, yule mzee, alipoitia sahihi sheria ya Marekani ya kusaidia demokrasia ya Ulaya Mashariki, iliyoidhinisha zaidi ya dola milioni 900 kwa Poland na Hungary kwa muda wa miaka mitatu. Ni kweli kwamba katika miaka ya themanini Marekani iliwapenyezea Solidarność fedha na vifaa vya uchapishaji, na si haki kulificha hilo. Lakini waliogoma, waliofungwa na waliopiga kura ni Wapoland. Msaada mkubwa ulifika baada ya lango kuwa limekwisha kufunguliwa kutoka ndani.

Wiki mbili kabla ya sheria hiyo kutiwa sahihi, Lech Wałęsa, fundi wa umeme aliyeongoza Solidarność na ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini, alialikwa kuyahutubia mabunge yote mawili ya Marekani yakiwa yameketi pamoja. Alizungumza Kipolandi, akaanza kwa maneno yanayoifungua Katiba ya Marekani yenyewe: 'Sisi, wananchi'. Mwanaisimu hawezi kulipita hilo bila kusimama. Mtu aliyekuja kuomba msaada alianza na nafsi ya kwanza wingi. Kisha akawaambia wenyeji wake kwamba maneno yamejaa tele katika soko la dunia ilhali wanunuzi wamepungua, hivyo vitendo na vifuate. Aliomba, naam, lakini aliomba akiwa kiima.

Je, msaada huo ulifanya kazi gani? Serikali ya Mazowiecki ilirithi uchumi uliopooza, madeni makubwa ya nje na bei zilizokuwa zikipaa kila kukicha. Waziri wa Fedha, Leszek Balcerowicz, alishauriwa na wageni, miongoni mwao mwanauchumi Mmarekani Jeffrey Sachs. Hata hivyo, mpango uliopewa jina lake ulipitishwa na Bunge la Poland, ukaanza kutekelezwa Januari 1, 1990. Mataifa wafadhili yalichanga mfuko wa dola bilioni moja wa kuilinda sarafu ya zloti, na Marekani ikatoa milioni 200 kati ya hizo. Ajabu ni kwamba mfuko huo haukuguswa kwa kazi iliyokusudiwa. Kuwapo kwake tu kuliwatia watu imani kwamba sarafu yao haitaporomoka, na baadaye fedha hizo zikatumiwa kuzikarabati benki za nchi hiyo.

Msaada wa pili haukuwa kupewa bali kusamehewa. Mwaka 1991, mataifa yanayoidai Poland kupitia Klabu ya Paris yalikubali kupunguza nusu ya deni hilo kwa awamu, na Marekani ikapunguza asilimia 70 ya sehemu yake. Msaada wa tatu ulikuwa mfuko wa biashara uliotengewa dola milioni 240, ambao ulikopesha na kuwekeza katika biashara za watu binafsi, zikiwamo ndogo ndogo. Mfuko huo ulipata faida. Ulipomaliza kazi yake, dola milioni 120 zilirudishwa katika hazina ya Marekani, na fedha zilizosalia zikaanzisha wakfu wa kusaidia elimu na jamii nchini Poland. Aidha, kuanzia mwaka 1990 hadi 2001, walimu wa kujitolea wa Peace Corps walifundisha Kiingereza katika nchi ambayo shule zake zilikuwa zikiwalazimisha wanafunzi wajifunze Kirusi.

Nisieleweke vibaya. Poland haikugeuka pepo kwa usiku mmoja. Mwaka 1990 mfumuko wa bei ulipita asilimia 500. Viwanda vya serikali vilifungwa, na kufikia mwisho wa 1993 ukosefu wa kazi ulikuwa umepita asilimia 16 katika nchi ambayo hapo awali ilidai kwamba kila mtu ana kazi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwaka huo huo wapigakura wenye hasira waliwarejesha madarakani warithi wa chama cha zamani. La kuzingatia ni kwamba waliwarejesha kwa kura, na baadaye wakawaondoa kwa kura.

Fedha nyingine za msaada, hasa katika miaka ya mwanzo, ziliishia kwa washauri kutoka Magharibi waliofika kwa ziara fupi, wakaandika ripoti na kwenda zao. Wapoland, kwa ucheshi wao mkali, waliwabandika jina la 'Brigedi ya Marriott', kwa kuwa walipenda kufikia katika hoteli ya jina hilo mjini Warsaw. Lugha ya mnyonge ina meno. Jina kama hilo huwaambia wageni kwamba wametambulikana, na kwamba mwenye nyumba bado anajua nani mgeni na nani mwenyeji. Wahenga walisema aliye kando haangukiwi na mti. Ushauri wa mtu ambaye hataangukiwa na mti una thamani yake, ila si yeye wa kuachiwa shoka.

Palipoachwa shoka mikononi mwa washauri, mambo yalikwenda mrama. Mwaka 1992 Marekani ilipitisha sheria nyingine ya kuisaidia Urusi na jamhuri nyingine zilizotoka katika Muungano wa Kisovieti. Chuo Kikuu cha Harvard kilipewa fedha za umma ili wataalamu wake waishauri Urusi kuhusu ubinafsishaji na masoko ya mitaji, na shughuli hiyo ikaendeshwa pamoja na kundi dogo la maafisa wa Moscow. Mwaka 1997 mradi huo ulisimamishwa kwa madai kwamba baadhi ya washauri walikuwa wakiwekeza kwa faida yao katika nchi ile ile waliyolipwa kuishauri. Serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani mwaka 2000, na mwaka 2005 Harvard ikakubali kulipa dola milioni 26.5 ili kuimaliza kesi. Mfadhili alikuwa yule yule aliyeisaidia Poland. Tofauti ni kwamba raia wa kawaida wa Urusi hakuonekana popote katika sentensi hiyo, isipokuwa kama mtu anayefanyiwa.

Na sisi je? Upepo wa Ulaya Mashariki ulifika hapa mapema. Januari 1, 1990, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri jijini Nairobi na kuuliza utawala wa chama kimoja utadumu hadi lini, ilhali tawala za aina hiyo zinaanguka kule Ulaya. Mei mwaka huo, Balozi wa Marekani, Smith Hempstone, alitangaza kwamba Bunge la nchi yake lingependelea kuzisaidia nchi zinazolea demokrasia. Mwezi huo huo Kenneth Matiba na Charles Rubia walidai hadharani vyama vingi, na kufikia Julai walikuwa kizuizini. Wakenya waliokwenda Kamukunji siku ya Saba Saba walipambana na marungu, vitoa machozi na risasi. Hayo yote yalitokea zaidi ya mwaka mmoja kabla ya Novemba 1991, wakati wafadhili walipokutana Paris na kusimamisha misaada mipya kwa Kenya kwa miezi sita. Desemba, Kifungu cha 2A, kilichokuwa kimeifanya KANU chama pekee tangu 1982, kikafutwa.

'Kikafutwa'. Tazama jinsi kauli ya kutendwa inavyomficha mtenda! Anayeisoma habari hii kuanzia Novemba 1991 atamwona mfadhili peke yake. Anayeisoma kuanzia Januari 1990 ataona wahubiri, mawakili, wanafunzi na wachuuzi. Shinikizo la Paris lilikuwa na uzito, na anayelikana anajidanganya. Ila shinikizo hilo lingeminya nini, kama ndani ya nchi hapangekuwa na watu waliokwisha kusimama? Tena lilikuwa na mipaka yake. Halikuweza kuwaunganisha wapinzani, ambao waligawanyika mwaka 1992 na kumwacha Rais Daniel arap Moi ashinde kwa takriban asilimia 36 ya kura. Wala halikutuandikia Katiba mpya. Hiyo tuliipata mwaka 2010, baada ya miaka mingi ya kuvutana, kwa kura zetu wenyewe.

Suala hili si la historia pekee. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, lililoundwa mwaka 1961, na Julai 1 mwaka huo shughuli zilizosalia zikawekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Miradi ya afya na ya kiraia katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo, ilitikisika kwa muda wa wiki chache tu. Poland iliagana na msaada huo mwaka 2000 kwa mpango uliojulikana, ikabaki na wakfu wenye fedha zake, na mwaka 2013 ikajiunga na kamati ya mataifa wafadhili katika OECD. Wengine waliagwa ghafla, wakabaki na mabango ya miradi kando ya barabara. Nguo ya kuazima haisitiri, hasa mwenyewe anapoitaka katikati ya karamu.

Walimu wenzangu, tunapofundisha kauli za vitenzi, tusiziachie kwenye sentensi za 'chai imenywewa' na 'mlango umefungwa'. Tuwape wanafunzi sentensi za taifa lao, tuwaulize: Katika 'misaada imetolewa', ametoa nani, na kwa masharti gani? Katika 'mageuzi yamefanywa', amefanya nani, na nani amelipa gharama? Nanyi wanafunzi, mnaposoma mkataba, ripoti au habari ya gazeti, mtafuteni mtenda kwanza. Akikosekana, jueni kuna mtu anayenufaika kwa kutotajwa.

Insha ile niliirudisha bila kuikata alama za sarufi. Pembeni niliandika: "Ni nani waliokuwa kizuizini wakati wafadhili wanakutana Paris? Andika upya, uwaanze hao." Wiki iliyofuata mwanafunzi aliniletea sentensi nyingine: "Wakenya waliugeuza utawala wa chama kimoja, na wafadhili wakatia shinikizo." Nilimpa alama zote.