Usiseme "Ni Uzee Tu"



Mwaka 1973 wananchi wengi wa Tanzania walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, kuhara na magonjwa mengine. Baada ya masomo walichimba vyoo na kusafisha mazingira. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule, leo amepita miaka 70. Amelea watoto, amepanda kahawa na migomba. Sasa ana swali jingine: Je, nitaweza kujitegemea katika miaka iliyobaki? Nitatembea mwenyewe, nitakula mwenyewe, nitakwenda chooni mwenyewe?

Mara nyingi inawezekana. Lakini kuna maneno matatu yanayowazuia wazee wengi kupata msaada. Maneno hayo ni "ni uzee tu." Macho yakififia, watu husema ni uzee tu. Miguu ikilegea, ni uzee tu. Akisahau, ni uzee tu. Basi mzee hukaa nyumbani, wala haendi kupimwa.

Uzee si ugonjwa. Lakini magonjwa hujificha nyuma ya uzee. Tuyatazame manne.

SHINIKIZO LA DAMU

Wengi huliita presha. Fikiria mfongo wa maji unaopita katika kihamba chako. Maji yakipita kwa nguvu nyingi mno siku zote, kingo zake hubomoka. Mishipa ya damu nayo ni hivyo hivyo. Damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka mingi, mishipa huharibika. Mshipa wa kichwani ukipasuka au ukiziba, mtu hupata kiharusi. Aliyekuwa akipanda mlima jana, leo hawezi kuinua mkono.

Mambo haya yamechunguzwa hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, watafiti waliwahesabu watu waliopata kiharusi katika sehemu za Wilaya ya Hai na za Dar es Salaam. Hai peke yake walipatikana wagonjwa 183. Kwa hiyo kiharusi si ugonjwa wa watu wa mjini tu.

Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwapima wazee zaidi ya 2,000 wa vijiji vya Hai, wenye miaka 70 na zaidi. Katika kila wazee 100, kama 70 walikuwa na shinikizo kubwa la damu. Wengi wao hawakujua. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa wachache sana.

Kwa nini hawakujua? Kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Unaweza kujisikia mzima kabisa, na huku unao. Njia ya kujua ni moja tu: kupimwa. Mganga hufunga kitambaa cha kipimo mkononi, kisha husoma namba mbili. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, na ikawa hivyo zaidi ya siku moja, unahitaji ushauri wa mganga.

Wengine huuliza, "Mtu wa miaka 80 dawa zitamsaidia nini?" Swali hilo limejibiwa. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,800 wenye shinikizo kubwa la damu. Wote walikuwa na miaka 80 na zaidi. Walitoka nchi mbalimbali, zikiwemo China na Tunisia. Nusu walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la dawa, vifo vilipungua kwa 21 katika kila 100. Basi hakuna aliyechelewa kwa sababu ya umri.

Kumbuka: dawa hizi hazing'oi ugonjwa, bali huuzuia. Usiziache kwa sababu umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa kuwa unazinywa.

Punguza chumvi pia. Mtu mmoja asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo ndani ya chakula. Magadi nayo yana madini yale yale ya chumvi yanayopandisha shinikizo la damu. Kwa hiyo usiyazidishe katika ndizi na maharage. Pombe nyingi, hata ikiwa mbege ya nyumbani, hupandisha shinikizo la damu. Tumbaku huharibu mishipa.

Ukiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono umekosa nguvu, au maneno hayaeleweki, usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa ile ile.

MIGUU

Watoto wetu wana heshima. Wanasema, "Babu, wewe kaa tu. Bibi, acha, nitafanya mimi." Maneno hayo ni mazuri, lakini yakizidi yanamdhoofisha mzee. Mguu usiofanya kazi hupoteza nguvu. Mguu dhaifu huleta kuanguka. Kuanguka huvunja nyonga.

Je, nguvu iliyopotea hurudi? Ndiyo. Mwaka 1990 watafiti wa mji wa Boston, Marekani, walitangaza habari za wazee 10 wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Kwa wiki 8 waliwafundisha kuinua vitu vizito kwa miguu, kidogo kidogo, wakisimamiwa. Nguvu ya miguu yao iliongezeka zaidi ya mara mbili. Wawili waliacha hata fimbo zao.

Wewe huhitaji mashine. Fanya hivi, siku tatu au zaidi kwa wiki:

1. Kaa kwenye kiti imara. Simama bila kushika kwa mikono, kisha kaa polepole. Rudia mara 10. Ukishindwa, anza kwa kushika.
2. Shika nguzo. Simama kwa vidole vya miguu, kisha teremka. Rudia mara 10.
3. Tembea kila siku, mpaka upumue kwa haraka kidogo, lakini bado uweze kuzungumza.

Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha, ukamwone mganga. Misuli huhitaji chakula pia. Mzee apate maharage, maziwa, mayai, samaki au nyama. Asipewe ndizi na chai tu.

Tazama na njia ya chooni. Wakati wa masika udongo wetu huteleza. Weka ngazi za mawe na mti wa kushika, na usiku tumia tochi.

MACHO

Jicho la mzee likiona ukungu, huenda ni mtoto wa jicho. Ugonjwa huu hautibiwi kwa matone wala majani. Hutibiwa kwa upasuaji mdogo. Daktari huondoa kioo cha jicho kilichochafuka na kuweka kingine. Kwa kawaida mgonjwa hachomwi sindano ya usingizi, na jicho hutiwa ganzi tu. Hospitali ya KCMC ya Moshi ina madaktari bingwa wa macho. Usingoje mpaka upofu.

KUSAHAU

Mwaka 2010 wazee zaidi ya 1,000 wa Hai, wenye miaka 70 na zaidi, walichunguzwa akili. Waliokuwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu walikuwa kama 6 katika kila 100. Maana yake ni kwamba wazee wengi sana hawana ugonjwa huo. Mzee akianza kupotea njia anayoijua, au kusahau majina ya watoto wake, huyo si mzee tu, ni mgonjwa. Wala hakurogwa. Mpelekeni kwa mganga wa hospitali, kwani mara nyingine sababu yake ni upungufu wa damu, masikio kuziba au huzuni, na hayo hutibika. Msimfiche ndani. Zungumzeni naye, mpeni kazi nyepesi, aende kanisani, msikitini na sokoni na wenzake.

ANZA SASA

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, serikali yetu inamtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa ni mzee. Ulizia ofisi ya kijiji juu ya utaratibu wa matibabu ya wazee. Kisha nenda zahanati ya karibu ukapimwe. Ikihitajika, watakuandikia kwenda hospitali ya wilaya, au ya mkoa ya Mawenzi.

Kama wewe ni kijana na umesoma ukurasa huu, msomee mzee wako. Kisha fuatana naye kwenda kupimwa. Pimwa na wewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani katika nyumba yenu hajapimwa shinikizo la damu? Atapimwa lini?
2. Ni kazi gani mmewanyang'anya wazee, ambazo bado wanaziweza?
3. Je, mzee wenu anaweza kwenda chooni usiku bila kuanguka? Mtatengeneza nini wiki hii?