Ritifaa katika Jina la Kompyuta

Mwaka 1985 wataalamu wa mitandao waliweka kanuni ya kuandika majina ya kompyuta: yatumie herufi za Kilatini zisizo na alama, tarakimu na kistari tu. Kanuni hiyo yaigusa tahajia yetu, na mfano ulio wazi twaupata katika nchi ya dhahabu ya Usukuma.

Jina la Bulyanhulu, mgodi ulioko Mkoa wa Shinyanga, lapita bila taabu. Nazali yake isiyo na ghuna huandikwa nh, na h ni herufi kama nyingine. Lakini Nyang'hwale, wilaya mojawapo ya Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012, haipiti, kwa kuwa ng'h yahitaji ritifaa. Wala ritifaa si pambo: katika Kiswahili chenyewe, ng'oa si ngoa.

Tuseme kompyuta yenye mfumo wa Linux inabadilishwa jina ili iitwe kwa jina la wilaya hiyo. Katika mifumo mingi ya siku hizi hutolewa amri hii:

sudo hostnamectl set-hostname "Nyang'hwale"

Alama mbili za kufungia ni za lazima, la sivyo ritifaa itadhaniwa kuwa mwanzo wa nukuu. Mfumo ukiona kwamba jina halikubaliki mtandaoni, hulihifadhi kwa namna mbili. Jina kamili huwekwa katika faili ya /etc/machine-info, ili lisomwe na watu. Umbo lililovuliwa ritifaa huwekwa katika /etc/hostname, nalo ndilo litumikalo mtandaoni.

Kazi haijaisha. Katika mifumo ya jamii ya Debian, faili ya /etc/hosts huweza kubaki na jina la kale. Haina budi kusahihishwa kwa mkono, kwani baadhi ya programu huitafuta kompyuta kwa jina jipya zisiione.

Basi mashine yenyewe yatambua tofauti ambayo sisi huisahau: jina ni kitu kimoja, na anwani ni kitu kingine. Hatari huanza pale umbo la anwani linaponakiliwa katika taarifa, ramani na kamusi, likahesabiwa kuwa tahajia sahihi. Mkusanyaji wa majina ya mahali asiyachukue mtandaoni. Na ayasikilize kwanza vinywani mwa wenyeji.