Simu isiyoshikwa mkononi na soketi ya umeme garini: yanayompasa dereva wa masafa marefu kuyajua

Madereva wa malori yatokayo Kigali, Bujumbura na miji ya mashariki mwa Kongo kuelekea bandari za Mombasa na Dar es Salaam hukaa siku kadhaa njiani, na chumba cha dereva huwa ndiyo ofisi yao. Humo hupokea simu ya mwenye mzigo, huulizwa na wakala wa forodha amefika wapi, huchaji simu na kusikiliza redio. Magari ya siku hizi yamewekewa vifaa vya kurahisisha mambo hayo yote. Hata hivyo, kifaa kilichowekwa kwa ajili ya kumpunguzia dereva mzigo chaweza kumwongezea hatari iwapo hajui mipaka yake.

Sheria inasemaje

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unazitaka nchi wanachama zimkataze dereva kutumia simu ya kushika mkononi gari likiwa katika mwendo. Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na mkataba huo. Nchini Kenya, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zimeweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu huku gari likienda. Rwanda na Uganda nazo zinakataza simu ya kushikwa mkononi wakati wa kuendesha.

Kwa sababu hiyo, madereva wengi wamegeukia njia ya kuzungumza bila kuishika simu. Simu huunganishwa na redio ya gari kwa Bluetooth, mawimbi ya redio ya masafa mafupi, na sauti ya mpigaji husikika katika spika za gari. Kipaza sauti kidogo, ambacho aghalabu huwa juu ya kioo cha mbele au karibu na usukani, humpokea dereva anaposema. Vitufe vya kupokea na kukata simu huwa kwenye usukani wenyewe, ili mkono usiondoke mahali pake.

Mikono ni huru, akili je?

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitambui. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu anakabiliwa na uwezekano wa kupata ajali ulio takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama zaidi kwa kiasi kikubwa kuliko ile inayoshikwa. Utafiti uliofanywa Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1997 ulichunguza madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali, na matokeo yake yalielekea huko huko. Utafiti mwingine uliofanywa Perth, Australia, na kuchapishwa mwaka 2005 ulipata hali kama hiyo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Kuendesha gari hakuhitaji mikono na macho peke yake, bali huhitaji pia fikra. Dereva anayebishana kuhusu bei ya mzigo huweza kutazama barabara asimwone mwendesha baiskeli aliye mbele yake, kwa kuwa akili imo katika mazungumzo. Abiria aliyeketi kando yake huiona barabara ile ile. Akiona kona kali au ng'ombe wanavuka, hunyamaza mwenyewe. Aliyeko upande wa pili wa simu haoni lolote, naye huendelea kudai jibu.

Hatari huzidi pale macho yanapoiacha barabara. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiinamisha macho kwa sekunde tano ili asome ujumbe, gari litakuwa limekwenda mita 111, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira wa miguu, bila mtu wa kulitazama.

Yapo mahali ambapo hata simu isiyoshikwa yafaa iachwe ilie. Mpaka wa Rusumo ni mfano mmoja: upande wa Tanzania magari hufuata mkono wa kushoto, na upande wa Rwanda hufuata mkono wa kulia. Ndivyo ilivyo pia kati ya Uganda na Rwanda huko Gatuna. Katika kilomita za mwanzo baada ya kubadili upande, mazoea ya dereva huwa bado ni ya nchi aliyoiacha, na fikra zake zote zinatakiwa barabarani.

Redio ya gari lililotoka Japani

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia katika ukanda huu hutoka Japani, nayo huja na redio zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi hiyo. Masafa ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 hadi 90, na baadaye yakaongezwa hadi 95, ilhali vituo vya Afrika Mashariki hutangaza kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mwenye gari hupata vituo vichache tu. Mafundi hufunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa hayo, na baada ya hapo namba inayoonekana kwenye redio hutofautiana na namba halisi ya kituo. Dereva asiyelijua hilo huhangaika na vitufe akiwa katika mwendo. Ni vyema kituo kitafutwe na kuhifadhiwa gari likiwa limesimama.

Soketi ya umeme na mipaka yake

Soketi ya mviringo iliyo kwenye dashibodi ilianza kama kiwashio cha sigara. Leo kazi yake kubwa ni kuchaji simu. Katika magari madogo hutoa volti 12, na kwa kawaida hulindwa na fyuzi ya ampea 10 hadi 20. Kiasi cha umeme inachoweza kutoa hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea: volti 12 mara ampea 10 ni wati 120. Chaja ya simu hutumia wati chache tu, na kompyuta ya mkononi wati 65 hivi. Lakini pasi ya wati 1,000 ingehitaji zaidi ya ampea 80, na hakuna soketi ya dashibodi iwezayo kuzitoa.

Ndiyo sababu inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri kuwa umeme kama wa nyumbani, isitwishwe mzigo kuliko soketi inavyoweza. Fyuzi ikikatika, imefanya kazi yake. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuunganisha kipande cha waya mahali pake, ni kuuhamishia moto kwenye nyaya zilizofichika nyuma ya dashibodi. Plagi ikiwa ya moto mno, au ikitoa harufu ya plastiki inayoungua, ichomolewe mara moja.

Malori makubwa yana jambo lao. Mengi hutumia volti 24, zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Chaja iliyoandikwa volti 12 pekee huweza kuungua humo. Ifaayo ni ile iliyoandikwa 12–24. Baadhi ya madereva huchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili ili kuwasha redio. Matokeo yake ni kwamba betri moja hutumika kuliko nyenzake, hazichajiki sawasawa, nazo huharibika mapema.

Kuchaji gari likiwa limezimwa

Injini ikiwaka, alteneta huijaza betri. Ikizimwa, kila kinachochomekwa hula akiba. Betri ya ampea-saa 60 ikitoa ampea 6 kwa saa tano imekwisha kupoteza nusu ya akiba yake, na kuwasha injini huweza kuhitaji zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache. Dereva aliyelala kwenye foleni ya mpakani huku vifaa vikiendelea kuchajiwa anaweza kuamka asubuhi na lori lisilowaka. Baadhi ya soketi hukatika ufunguo ukitolewa, nyingine hubaki na umeme. Kila mwenye gari hana budi kujua lake ni la aina gani.

Umeme wa nyumbani ukikatika, wapo wanaowasha gari ili wachaji simu. Kufanya hivyo ndani ya gereji iliyofungwa ni hatari kwa uhai. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na humuua mtu kabla hajatambua kwamba anazidiwa.

Hatua za kuchukua kabla ya safari

Simu iunganishwe na gari, na ramani ipangwe, kabla ya kung'oa nanga. Kishikio cha simu kisizibe kioo wala kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa. Simu isiachwe juu ya dashibodi kwenye jua kali, kwa kuwa joto huharibu betri yake. Waya wa chaja usipite karibu na usukani, gia wala pedali za breki. Utingo akiwapo, yeye ndiye apokee simu.

Walioko nyumbani nao wana sehemu yao. Anayempigia dereva na aanze kwa kuuliza kama gari linakwenda, na jibu likiwa ndiyo, akate simu, asubiri kupigiwa dereva atakapokuwa ameegesha.