Kilichoonekana Bila Kutafutwa

Mtu ameanguka na pikipiki, akapelekwa CT-Scan ili ijulikane kama damu imevujia ndani ya fuvu. Damu haipo, ila ripoti inataja uvimbe mdogo uliojishikiza kwenye utando wa ubongo. Mwingine amepigwa picha ya MRI kwa sababu ya kipandauso, akarudi nyumbani na habari ya kifuko cha maji ambacho pengine alizaliwa nacho. Haya ndiyo matokeo yasiyotarajiwa: kitu kisicho cha kawaida kimeonekana, lakini si hicho kilichomfanya mgonjwa apimwe, na mara nyingi hakihusiani kabisa na maumivu yake.

Kabla ya mwaka 1971, CT-Scan ilipotumika kwa mgonjwa wa kwanza jijini London, eksirei ya kawaida ilionyesha mfupa wa fuvu tu, na mengi ya mambo haya yaligunduliwa maiti ilipopasuliwa. Mashine za leo huonyesha kila kilichomo, kiwe kimeulizwa au hakikuulizwa. Mwaka 2009 watafiti walikusanya matokeo ya MRI za watu zaidi ya 19,000 wasio na dalili yoyote. Karibu mtu 1 kati ya 37 alikutwa na jambo lisilotarajiwa, na hapo hazikuhesabiwa alama za maradhi ya mishipa midogo ya damu. Utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, uliochapishwa 2007, ulihesabu pia viharusi vya kimya. Kati ya watu 2,000 wa umri wa miaka 45 na kuendelea, asilimia 7.2 walikuwa na makovu ya kiharusi ambacho hawakuwahi kukihisi, asilimia 1.8 walikuwa na mshipa wa damu uliotuna, na asilimia 1.6 walikuwa na uvimbe usio wa saratani.

Baadhi ya yanayoonekana hayapaswi kumkosesha mtu usingizi. Chembe za chokaa kwenye tezi ya pineali ni jambo la kawaida kwa watu wazima. Kifuko cha maji kati ya tando za ubongo kwa kawaida hukaa kimya maisha yote. Kivimbe kisichofika milimita 10 kwenye tezi ya pituitari nacho hupatikana kwa watu wengi, ingawa hicho huhitaji damu kupimwa homoni, kwa kuwa tezi hiyo huongoza tezi nyingine mwilini.

Madoa meupe yaliyotapakaa ndani ya ubongo, pamoja na yale makovu ya kiharusi cha kimya, yana maana nyingine. Hayapasuliwi wala hayafutiki. Huongezeka kadiri umri unavyosogea, na zaidi kwa mwenye shinikizo la damu, kisukari au mazoea ya sigara. Anayeyaona kwenye ripoti yake afadhali aanze na kipimo cha presha, maana presha inatibika na kiharusi kijacho kinaweza kuzuiwa.

Uvimbe unaoota kwenye utando wa ubongo, yaani meninjioma, huwapata zaidi wanawake na wazee. Mwingi si saratani na hukua polepole, au haukui kabisa. Ukiwa mdogo na haubani kitu, daktari hurudia picha baada ya miezi kadhaa, kisha kila baada ya muda mrefu zaidi. Kwa familia iliyosikia neno uvimbe, kungoja huonekana kama kutelekezwa. Sivyo: kufungua fuvu kuna hatari zake, na si haki kumbebesha hatari hizo mtu ambaye uvimbe wake haujamdhuru.

Uamuzi mgumu zaidi ni wa mshipa uliotuna. Karibu watu 3 kati ya 100 wanao, na wengi watakufa nao bila kujua. Lakini ukipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo na wengi hupoteza maisha. Kwa hiyo madaktari hupima mambo kadhaa kwa pamoja: ukubwa, kwani ulio chini ya milimita 7 kwa kawaida hupasuka kwa nadra, mahali ulipo, umri wa mgonjwa, sigara, presha, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupasukiwa. Unaweza kubanwa kwa kibanio kidogo wakati wa upasuaji, au kujazwa waya laini unaopitishwa ndani ya mishipa. Njia zote mbili zinaweza zenyewe kuleta kiharusi, ndiyo maana wengine hushauriwa kuacha sigara, kudhibiti presha na kurudia picha.

Afrika Mashariki ina jambo lake. Palipo na nguruwe wanaozurura na vyoo vichache, kama baadhi ya vijiji vya Mbulu kaskazini mwa Tanzania, CT-Scan huweza kuonyesha vidoa vya chokaa vilivyoachwa na viluwiluwi vya tegu wa nguruwe. Asiyekula kitimoto naye anaweza kuwa navyo, kwani huambukizwa kwa kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kilichogeuka chokaa kimekwisha kufa na hakihitaji dawa ya minyoo, ingawa kinaweza kusababisha kifafa. Vifuko vyenye viluwiluwi hai hutibiwa chini ya uangalizi, maana vinapokufa ubongo unaweza kuvimba.

Ripoti ya radiolojia huandikiwa daktari, na maneno yake huwa makali kuliko hali yenyewe. Maswali yenye faida ni machache: kina ukubwa gani, kiko wapi, kinahusiana na dalili zilizopo, na kirudiwe kupimwa lini. Kichwa kinachouma ghafla kwa ukali usio wa kawaida, degedege, au udhaifu wa upande mmoja havingoji tarehe hiyo. Ni vya kwenda hospitali mara moja. Picha zenyewe, ziwe filamu au CD, zihifadhiwe pamoja na ripoti. Uvimbe wa milimita 8 uliokuwa na milimita 8 miaka mitatu iliyopita humweleza daktari jambo ambalo picha mpya peke yake haiwezi kumweleza.