Yahuma: Ndani ya ruta ya bei ndogo mna milango iliyofichwa

Katika teritware ya Yahuma, jimbo la Tshopo, ruta ikikataa kuwaka sawasawa, duka la vipuri liko mbali, Kisangani. Wengi huitupa tu. Lakini ndani ya vyombo vingi vya namna hiyo mna milango ambayo kiwanda kiliitengeneza bila kuitoa inje, na fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuimalizia kwa waya chache.

Chombo kilichowafungua macho wapenda ufundi ni WRT54G ya kampuni Linksys, iliyotoka mwishoni mwa 2002. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba inatumia Linux, na leseni ya Linux ikailazimisha kampuni kuweka wazi misimbo ya programu. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanzia hapo.

Kwenye bodi yake kuna safu ya matundu 10 yasiyo na kitu: ni milango miwili ya siriali. Ukilehemu pini hapo, kompyuta inaongea na ruta tangu sekunde ya kwanza inapowaka, hata kama haionekani tena kwa Wi-Fi. Ndivyo inavyofufuliwa ruta ambayo wengine wamekwisha kuizika, mradi programu ndogo ya kuiwasha ingali nzima. Mlango wa pili unaweza kupokea GPS au kipimo cha joto.

Hapa ndipo wengi wanaunguza. Milango hiyo inatumia volti 3.3. Mlango wa siriali wa kompyuta za zamani hutoa volti nyingi zaidi, na ukiunganisha waya moja kwa moja, ruta imekwisha. Katikati panatakiwa chipu kama MAX3232, au kamba ya USB iliyotengenezwa kwa volti 3.3.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Ruta hiyo ina hifadhi ya megabaiti 4 tu, karibu si kitu. Kwa waya 6, nne za data zilizovutwa toka kwenye njia za taa na vifungo, moja ya umeme na moja ya ardhi, waliiongezea kadi ya SD. Kadi inasoma polepole, ndiyo. Lakini kwa masomo ya shule au mwongozo wa dawa wa kituo cha afya inatosha: simu zilizo karibu zinasoma kwa Wi-Fi bila mtu kulipa megabaiti hata moja.

Mwaka 2005 toleo la 5 lilipunguza hifadhi hadi megabaiti 2 na kuondoa Linux. Wapenda ufundi walinung'unika, kampuni ikawaletea WRT54GL.

Anayenunua ya mtumba leo asome kibandiko cha chini. Matoleo ya 2 hadi 4 na GL ndiyo ya kutafuta. Yanatumia volti 12, jambo zuri kwa mwenye betri na paneli ya jua. Yale ya kwanza kabisa yanataka volti 5, na betri ya gari itayaua.