Rimu za inchi 17 kwa Vitz? Pima kwanza ubavu wa tairi

Umepata Vitz yako ya kwanza na sasa macho hayatulii. Kila ukipita Barabara ya Kirinyaga unaona rimu nyeusi za inchi 17 zimepangwa nje ya duka, na moyo unakuambia ndai itakaa fiti. Ni kweli, itakaa. Lakini ikiwa gari hilo ndilo ofisi yako, unabeba abiria wa teksi za apu kutoka alfajiri hadi usiku, kuna hesabu moja unafaa kufanya kabla hujatoa pesa.

Chutama kando ya gurudumu usome maandishi kwenye ubavu wa tairi. Kwa Vitz nyingi utapata 165/70R14. Hiyo 165 ni upana kwa milimita, na 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Nambari ya katikati ndiyo watu huruka, ilhali ndiyo inayotunza mgongo wako. 70 inamaanisha kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana, yaani milimita 115 na nusu. Ndani yake kuna upepo, na huo upepo pamoja na mpira ndio mto wa kwanza wa gari. Unapokea shimo kabla springi na shokamzoba hazijajua kuna shida.

Sasa weka inchi 17. Ili gurudumu zima lisizidi kimo chake cha zamani, muuzaji atakutolea tairi kama 195/40R17. Kipimo cha nje kinabaki karibu kilekile, kwa hivyo spidomita haitakudanganya sana. Ubavu nao? Milimita 78. Umetupa karibu sentimita 4 za mto, na kishindo kilichokuwa kikiishia kwa mpira sasa kinapanda hadi kwa kiti.

Halafu kuna uzito. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito kuliko ndogo, na gurudumu liko chini ya springi, halibebwi nayo. Likirushwa juu na tuta, zito huchelewa kutulia, na msukosuko huo unaupata wewe. Usikubali kuambiwa tu kwamba aloi ni nyepesi. Inua ile ya zamani kwa mkono mmoja, inua mpya kwa ule mwingine, utajua.

Haki isemwe: tairi lenye ubavu mfupi hukata kona vizuri na stering huitika upesi. Ukiwa juu ya Nairobi Expressway utajisikia mfalme. Shida ni kwamba abiria wako haishi Expressway. Anaishi mtaani, kule kwenye matuta yasiyo na rangi na mashimo yanayojificha chini ya maji mvua ikinyesha. Ukiingia shimo kama hilo na ubavu mfupi, tairi linabanwa kati ya lami na rimu. Rimu inapinda, au nyuzi za ndani ya tairi zinakatika na ubavu unavimba kama jipu. Uvimbe huo hauzibwi kama pancha. Tairi hilo linatolewa, kwa sababu linaweza kupasuka ukiwa mbio.

Kama roho haitulii bila rimu mpya, fikiria inchi 15 na tairi la 185/55R15. Ubavu unabaki karibu milimita 102, na gurudumu zima linakaribia sana lile la awali. Mwambie fundi ahakikishe haligusi bodi ukikata stering hadi mwisho. Angalia pia nambari inayofuata ukubwa, ile ya uzito ambao tairi linaweza kubeba. Isiwe chini ya ile ya zamani.

Lakini huenda huhitaji kununua chochote. Fungua mlango wa dereva utafute kibandiko cha presha. Magari ya Japani huandika kwa kPa, kwa hivyo 220 ni karibu PSI 32, na 230 ni karibu 33. Mhudumu wa petroli akikuuliza "ngapi?", usijibu 40 kwa mazoea. Tairi lililojazwa kupita kiasi haliwezi kubonyea, linadunda tu. Presha iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni upeo wake, si ile ya gari lako. Usipunguze ovyo pia, maana tairi lenye upepo kidogo hupata joto na kulika pembeni. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, likiwa baridi.

Umri nao usipuuzwe. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2017. Kenya inaruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8, kwa hivyo gari linaweza kushuka melini Mombasa na matairi yenye meno mazuri lakini mpira umekuwa mgumu kama ubao.

Na kabla ya kulaumu tairi, sikiliza. Gari likipita tuta na kuendelea kudunda mara tatu, nne, hiyo ni shokamzoba. Likigonga "ko-ko-ko" kwenye mashimo madogo, mwambie fundi aangalie bushi. Stering ikitetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, magurudumu yanahitaji balansi. Kishindo kikavu kwa kila ufa wa lami ndicho cha tairi na presha.

Ukiwa bado na hamu ya zile 17, tafuta msee aliyezifunga kwa gari kama lako. Mwombe akupitishe njia unayofanyia kazi kila siku, na ukae kiti cha nyuma, pale abiria wako hukaa.