Deni hulipwa kabla ya mirathi: wakimbizi, mataifa tajiri na wajibu wetu

Kila aliyewahi kuketi katika darsa la mirathi anaujua utaratibu. Mali ya marehemu haiwafikii warithi mpaka zitolewe gharama za maziko, yalipwe madeni aliyoyaacha, na utekelezwe wasia wake usiozidi thuluthi. Mrithi hawezi kusema, "Deni lile si langu, alikopa baba," kisha akanyoosha mkono kuchukua shamba. Dhambi ya baba haihamii kwa mtoto, kwani kila nafsi hubeba mzigo wake. Lakini deni limefungamana na mali, na anayeitaka mali hana budi kulikabili deni lake.

Tumelitanguliza jambo hili kwa sababu maswali yanayoulizwa hapa Kinole baada ya swala, na hasa na vijana wenye kusikiliza habari za dunia katika simu zao, yamekuwa mengi. Kwa nini watu wanazama baharini wakielekea Ulaya? Kwa nini mataifa yenye uwezo yanafunga milango? Na je, sisi wenye mashamba madogo katika miteremko hii ya Uluguru, tuna haja gani na habari za wakimbizi? Tunaona maswali haya yanajibika, na majibu yake yako karibu kuliko tunavyodhani.

Wazigua waliorudi kwa njia ya bahari

Kaskazini mwa mkoa wetu, katika Wilaya ya Handeni, kipo kijiji kiitwacho Chogo. Wengi walioanzisha maisha hapo mwaka 2003 walikuja nchini kama wakimbizi kutoka Somalia. Lakini walipofika, wazee wao walizungumza Kizigua, lugha ambayo mtu wa Kinole akiisikiliza kwa utulivu huokota maneno mengi ya Kiluguru ndani yake.

Katika miaka ya 1830 na 1840 njaa kali ilizipiga nchi za nyuma ya pwani yetu. Familia zilishuka pwani kutafuta chakula, na huko wengi wakaingia katika mikono ya wafanyabiashara ya watumwa. Walipakiwa majahazini wakapelekwa kaskazini hadi bandari za Somalia, wakalimishwa mashamba. Baadhi yao walitoroka, wakaingia katika misitu ya bonde la Mto Juba, wakajenga vijiji vyao, wakalima, na baada ya muda wakasilimu. Utawala wa Kiitaliano ulipokuja nao ukawachukua kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba makubwa ya walowezi. Kwa zaidi ya miaka 150 waliishi huko, wakihesabiwa kuwa watu wa daraja la chini, bila kuisahau lugha ya mababu.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, bonde la Juba lililokuwa ghala la chakula likawa uwanja wa mapigano. Wakulima hawa hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda. Mazao yao yaliporwa, visima vyao vikatekwa, njaa ikawamaliza. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya. Wengine, wapatao 3,000, walipanda majahazi wakaja Tanzania, nchi waliyosimuliwa na babu zao. Walipokewa katika makazi ya Mkuyu, Handeni, kisha wakahamishiwa Chogo na kupewa ardhi ya kulima. Serikali ikawafungulia mlango wa uraia, na wengi wao leo ni Watanzania kamili.

Kwa hiyo watu waliotolewa katika ardhi hii kwa jahazi walirejea kwa jahazi, na jamii iliyowapoteza ikawapokea. Hicho ndicho tunachokiita kulipa deni.

Nani aliwasha moto Somalia?

Wapo wanaosema kuwa Wasomali wamejiangamiza wenyewe. Maneno hayo yana sehemu ya ukweli. Siad Barre aliyetwaa madaraka Oktoba 1969 alikuwa Msomali, na ndege zilizoushambulia mji wa Hargeisa mwaka 1988 ziliruka kwa amri ya serikali ya nchi hiyo hiyo. Mabwana wa vita waliopora chakula cha wenye njaa hawakutoka nje. Uislamu hauturuhusu kumtetea dhalimu kwa kuwa ni ndugu yetu. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kumsaidia ndugu anayedhulumu ni kumzuia asidhulumu.

Lakini ukweli wa nusu haumtoshi mwenye kutaka haki. Wakoloni waliigawa nchi ya Wasomali vipande vipande: Waingereza wakachukua sehemu yao, Waitaliano yao, Wafaransa yao, Ogaden ikabaki chini ya Uhabeshi, na wengine wakawekwa ndani ya mipaka ya Kenya. Kisha vikaja vita baridi. Umoja wa Kisovieti ulilijaza silaha jeshi la Siad Barre. Alipoivamia Ogaden mwaka 1977, Wasovieti walihamia upande wa Ethiopia, na Marekani ikaingia Somalia mahali pao. Mwaka 1980 ikapata ruhusa ya kutumia bandari na uwanja wa ndege wa Berbera, na misaada ikafuata. Nchi ya wafugaji na wakulima masikini ikawa imehifadhi silaha zisizolingana kabisa na uchumi wake. Vita baridi vilipokwisha, wakubwa walifunga mizigo yao, silaha zikabaki.

Baadaye, Desemba 2006, majeshi ya Ethiopia yaliingia Somalia yakiungwa mkono na Marekani na kuuangusha utawala wa Mahakama za Kiislamu, ambao chini yake Mogadishu ilikuwa imeonja miezi michache ya utulivu. Vita vilivyofuata viliwatoa mamia kwa maelfu majumbani mwao, na kutoka ndani yake kundi la Al-Shabaab likapata nguvu. Wanaolipa gharama ya hayo hadi leo ni akina mama wa Kisomali na watoto wao.

Hesabu ikifanywa kwa uadilifu, basi, moto wa Somalia una wenye nyumba waliouchochea, na una majirani wa mbali walioleta mafuta. Jirani aliyeleta mafuta hawezi kusimama mlangoni kwake na kumwambia anayekimbia moshi, "Wewe na mimi hatujuani."

Milango inavyofungwa

Ni haki kutaja mema. Marekani iliwapokea zaidi ya 10,000 miongoni mwa wale wakulima wa bonde la Juba kuanzia mwaka 2003, na wamejenga maisha huko, wengine wakilima mboga katika jimbo la Maine lenye theluji. Lakini Januari 2017 taifa hilo hilo liliwapiga marufuku raia wa nchi kadhaa kuingia, Somalia ikiwemo, na familia zilizokwisha kupewa ahadi zikabaki zimetenganishwa. Uingereza nayo ilitangaza Aprili 2022 kwamba watu wanaofika kwake kuomba hifadhi wangepelekwa Rwanda. Mahakama yake ya juu ikaupinga mpango huo Novemba 2023, na mwaka 2024 ukafutwa. Taifa tajiri lilikuwa tayari kutoa fedha nyingi ili mgeni akakae katika nchi yenye uwezo mdogo kuliko lake.

Watu wengi hawajui kwamba takriban robo tatu ya wakimbizi wote duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mzigo unaopigiwa kelele London na Washington umebebwa hasa na nchi kama Uganda, Kenya, Chad na yetu. Tanzania ilipokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikuwa wamepewa uraia. Sisi pia tumewahi kuchoka: Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao kwa nguvu, na tukio lile halina budi kutajwa pamoja na mema yetu. Hata hivyo, mwenye nyumba ya vyumba viwili aliyelaza wageni kumi hastahili kufundishwa ukarimu na mwenye kasri aliyefunga lango.

Somo lililo Mazimbu

Ipo hoja kwamba mkimbizi akipokewa haondoki. Anayeamini hivyo na aende Mazimbu, pembezoni mwa mji wetu wa Morogoro. Pale palijengwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Makazi mengine yalijengwa Dakawa. Familia za Kiafrika Kusini ziliishi nasi, wakasoma, wakaoa na kuolewa, wakazika wafu wao katika ardhi hii. Wakati huo Uingereza na Marekani zilitumia kura ya turufu mara kadhaa kuzuia vikwazo vizito dhidi ya makaburu, huku biashara ikiendelea.

Ubaguzi ulipoanza kuporomoka, wageni wetu walifunga virago. Mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa serikali yetu, na leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wanasoma katika majengo yale. Hakuna aliyewafukuza. Sababu ya kukimbia iliondoka, wengi wao wakarudi kwao. Wenye kutaka wakimbizi wapungue wana njia iliyo wazi: waache kuuza silaha kwa madhalimu, waache kuwalinda watawala kwa ajili ya bandari na madini, nao wataona njia za jangwani na baharini zikipungua watu.

Na sisi je?

Kipimo tunachowapimia wengine hakina budi kutupima sisi. Wazigua wa Juba hawakuuzwa na Wazungu. Waliuzwa katika pwani yetu, chini ya dola ya Zanzibar, na wengi walionunua na kuuza walikuwa Waislamu waliosikia aya za kumwacha huru mtumwa na hawakuzifuata. Kisabengo, aliyejenga mji wenye ngome karibu na ulipo mji wa Morogoro leo, alikusanya humo watumwa watoro na watu waliokosa kwao, lakini historia inamtaja vilevile kuwa aliteka wengine. Na wapo mababu zetu waliopanda milima hii wakikimbia vita na utekaji wa namna hiyo, wakapokewa, wakaomba shamba kwa wakubwa wa koo, wakapewa. Wajukuu wa watu waliopewa hifadhi na mlima hawafai kumcheka anayetafuta hifadhi.

Juni 2012, katika Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, zilikutwa maiti za zaidi ya vijana 40, wengi wao kutoka Ethiopia, waliokosa hewa ndani ya lori wakisafirishwa kwa siri kuelekea kusini. Tukumbuke kwamba Habasha ndiyo nchi iliyowapokea Waislamu wa mwanzo, yapata mwaka 615, walipoikimbia Makka. Maquraish walituma wajumbe na zawadi ili wakimbizi wale warudishwe. Najashi, mfalme wa Kikristo, alisikiliza pande zote mbili, akamsikia Jaafar bin Abi Talib, akazirudisha zawadi na kuwabakisha wageni. Vijana wa nchi ile walikufa kwa kukosa hewa katika ardhi yetu, ndani ya gari la watu waliopokea malipo yao.

Kwa hiyo tunazinasihi familia zetu mambo matatu. Kwanza, kijana yeyote asikubali fedha ya kuwaficha au kuwasafirisha watu kwa njia hizo. Ni kuvunja sheria ya nchi, na ni biashara ya roho. Pili, akikutwa mgeni aliyekwama njiani, apewe maji na chakula kwanza, kisha ataarifiwe mwenyekiti wa kitongoji. Kufuata sheria hakuzuii huruma. Qur'ani imemtaja msafiri aliyekatikiwa njiani miongoni mwa wanaostahiki zaka, na haikuuliza kabila lake. Tatu, wazazi wawasimulie watoto habari za Chogo na Mazimbu, ili wanapokua na kusikia neno "mkimbizi" waone sura ya ndugu mbele yao.

Hatudai kwamba ardhi yetu haina mwisho. Kila anayelima ndizi na mananasi katika miteremko ya Kinole anajua jinsi shamba la babu lilivyogawanywa mpaka likawa vipande. Hofu ya mwenyeji ni hofu ya kweli, na serikali ina haki ya kupanga nani aingie na akae wapi. Ansari wa Madina nao hawakuwa matajiri. Allah (SW) amewasifu katika Surat al-Hashr kwa kuwatanguliza wageni ilhali wao wenyewe wana mahitaji. Ikiwa masikini wa Madina waliweza hilo, mataifa yaliyorithi utajiri mkubwa kuliko wote waliopita duniani yana udhuru gani?

Fedha yanayoyapa mashirika ya wakimbizi huitwa misaada, nayo hupunguzwa kila siasa zao zinapogeuka. Sadaka mtu anaweza kuipunguza. Deni halipunguzwi kwa hiari ya mdaiwa. Mwenye kudai haki kwa sauti kubwa naye na aanze kulipa lililo shingoni mwake.

Tunamwomba Allah (SW) awape utulivu ndugu zetu wa Somalia, Sudan, Kongo na kila waliko wenye kudhulumiwa, awarehemu waliokufa njiani, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaolipa madeni yao kabla ya siku ambayo hayatalipika. Amin.